Kifungu cha Katibu

Kwa watu wengi, kifungu cha azimio ni maneno ya kujazia karatasi tu. Kwa Katibu wa Kamati ya Majengo ya Serikali, kifungu kimoja kilikuwa kama mtoto wa kumzaa. Alikitunga mwenyewe, akakipigania, akabishana na wanasheria wa Bunge mpaka wakasalimu amri, na tangu siku kilipopita hakuna ziara ya kamati iliyokwisha bila kifungu hicho kusomwa mbele ya wenyeji. Kilisema hivi: "Kila kitu kilichoonwa na kamati kitabaki mahali kilipoonwa, hadi kamati itakapoagiza vinginevyo."

Kilizaliwa na hasira. Kamati ilikuwa imekwenda kukagua shule mpya, ikakuta chumba kizima cha kompyuta, zimepangwa vizuri, zinawaka, kila moja na kiti chake. Waheshimiwa wakapiga picha, wakala, wakashiba, wakapanda basi. Katibu akakumbuka kwamba ameacha miwani yake kwenye chumba kile, akashuka kuifuata. Alikuta kompyuta zinapakiwa kwenye lori na mwalimu mkuu anasimamia, akihimiza watu wafanye haraka. "Za kuazima hizi," mwalimu mkuu alimwambia bila haya hata kidogo. "Si unajua mambo ya wageni." Katibu alirudi kwenye basi damu inamchemka. Miaka yote ile aliyokuwa akiandika taarifa za mabweni, zahanati na mahakama, kumbe alikuwa akiandika habari za vitu vya kuazima!

Akapika kifungu chake. Na kilifanya kazi, usiseme. Msimamizi mmoja alijaribu kuhamisha majenereta siku moja baada ya ziara, akasimamishwa kazi. Tangu hapo wasimamizi wa miradi wakisikia kifungu kinasomwa hukaa wima. Pale bungeni walikiita "kifungu cha Katibu", na yeye alijifanya hapendi, lakini kwa ndani kichwa kilikuwa kinamvimba.

Ndiyo sababu alipopanga ziara ya wodi mpya ya wazazi hakuwa na wasiwasi. Wodi ile ilijengwa ndani ya uwanja wa hospitali kuu, upande wa pili wa ukuta kutoka wodi ya zamani, na tangu ilipopakwa rangi ya mwisho ilikuwa imekaa na kufuli mlangoni. Ukiuliza kwa nini haifunguliwi, wizara inasema inamsubiri mkandarasi, mkandarasi anasema anasubiri bomba la maji, watu wa maji wanasema wanasubiri barua ya wizara. Wananchi walipigwa danadana hivyo mpaka majani yakaota kwenye ngazi. Katibu aliipandisha wodi ile kutoka mkiani mwa ratiba hadi juu kabisa, na Mwenyekiti alipouliza kuna nini, alimjibu kwamba ni jengo la fedha nyingi lisilotumika. Ilikuwa kweli tupu. Alichokimeza ni kwamba mdogo wake amelazwa kwenye ile wodi ya zamani.

Mdogo wake huyo, ambaye nyumbani waliendelea kumwita Kitinda hata baada ya kuolewa, alikuwa na mimba ya kwanza na presha iliyokataa kushuka. Miguu ilimvimba, macho yakawa yanaona vimulimuli. Daktari alisema neno moja: alale. Asimame kwa kwenda chooni tu, alalie ubavu, atulie, mpaka mtoto akomae kiasi cha kuweza kuishi nje. Presha ikipanda tena, wanaweza kumpoteza mmoja au wote wawili. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa, yuko barabarani huko, kwa hiyo kazi ya kumuuguza iliwaangukia mama yao na Katibu.

Kitinda alipata kitanda kwa bahati, na cha peke yake, maana wengine walilala wawili wawili, mmoja kichwa huku na mwenzake kule. Kilikuwa kibovu. Egemeo la kichwani lilikuwa limeng'oka upande mmoja, ukiliegemea linakuangusha. Mama yao hakutaka maneno mengi na mafundi wa hospitali. Alichomoa mkanda mwekundu wa mkoba wake, akafunga egemeo kwenye chuma cha kitanda kwa fundo lake lile la siku zote: kuzungusha mara mbili, kupitisha ncha chini, kuvuta kwa meno. Alifunga hivyo vyandarua, magunia, masanduku na watoto wake mgongoni, na halikuwahi kufunguka fundo hata moja. Tangu siku hiyo mkoba wake aliubana kwapani.

Katibu alijua lazima barua ya taarifa iende hospitali kabla ya ziara, ndivyo utaratibu unavyotaka. Aliiandika, akaituma. Waazime wakitaka, alijiambia. Wakileta vitanda, kifungu kitavibakiza, na wodi yenye vitanda itabidi ifunguliwe. Alicheka peke yake alipoweka muhuri.

Asubuhi ya ziara, ngazi zilikuwa zimefagiliwa na majani yameng'olewa. Injinia wa mradi alisimama mlangoni amevaa suti na kofia ya ujenzi, mchanganyiko unaomaanisha kwamba waandishi wa habari wapo. Mwenyekiti alishuka kwenye basi akinyoosha koti. Watumishi wa Bunge, nyuma ya mgongo wake, walimwita Utepe, kwa jinsi alivyopenda kukata tepe. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda tu kila kitu kiishe vizuri kabla ya chakula cha mchana.

Ndani palinukia rangi na dawa ya sakafu. Na vitanda vilikuwepo! Mistari miwili, vimetandikwa mashuka meupe, na kwenye baadhi yake wamelala wanawake. Moyo wa Katibu ulimruka kwa furaha. Mwenyekiti aliinama kwenye kitanda cha kwanza, kamera nyuma yake.

"Mama, unaendeleaje?"

"Mimi?" Yule mwanamke alijiinua kidogo. "Mimi nimemsindikiza shemeji yangu kliniki, nikaambiwa nijilaze hapa mara moja."

Mwenyekiti aliwageukia waandishi. "Mnasikia? Anaendelea vizuri. Katibu, andika: jengo linatumika."

Katibu aliandika. Kazi ya katibu ni kuandika anachosema mwenyekiti, si anachokiona yeye. Mjumbe mmoja alifungua bomba la sinki. Maji yalitoka kidogo, yakakohoa, yakakata.

"Hewa tu hiyo, Mheshimiwa," Injinia alisema upesi. "Bomba bado geni."

"Andika, Katibu: maji yapo."

Akaandika tena, safari hii amekunja uso. Hilo atalichomoa kwenye rasimu, alijisemea, atakapoandika vizuri maoni ya wajumbe. Alikuwa akipita kati ya vitanda akiangalia kalamu yake, na ndipo goti lake lilipogusa kitu. Mkanda mwekundu. Umezungushwa mara mbili, ncha imepita chini, na pale mwishoni alama za meno.

Alisimama pale akiutazama. Kitanda cha Kitinda. Akatazama cha jirani, chenye herufi za wodi ya zamani zilizofunikwa kwa rangi mbichi, na kinachofuata, na kingine. Havikuazimwa mbali. Vilipitishwa tu kwenye mlango wa ukuta, asubuhi ileile. Basi waliokuwa wamelala juu yake wako wapi?

Mwenyekiti alikuwa ameshapanda kwenye ngazi, karatasi mkononi, waandishi wamemzunguka. Katibu alimkimbilia, akamnong'oneza.

"Mheshimiwa, leo tusikisome kile kifungu."

"Kipi?"

"Cha vitu vilivyoonwa."

Mwenyekiti alicheka kwa sauti, akamshika bega mbele ya watu wote. "Jamani, huyu ndiye aliyekitunga, na leo anaona haya! Katibu, kazi nzuri haifichwi."

"Mheshimiwa, vile vitanda..."

"Nimeviona. Vizuri sana."

Angeweza kupaza sauti. Alilifikiria hilo baadaye mara nyingi, akiwa jikoni, akiwa ofisini. Lakini katibu wa kamati hazungumzi ziarani mpaka aulizwe, na yeye alikuwa ameishi na sheria hiyo muda mrefu hata ikawa imemkaa mdomoni. Na angesema nini? Kwamba amekitambua kitanda cha mdogo wake? Alisimama kalamu mkononi akasikia maneno yake mwenyewe yanasomwa polepole, kwa madaha, yakirekodiwa. Kila kitu kilichoonwa na kamati kitabaki mahali kilipoonwa. Injinia alipauka. Nyuma yake Matroni wa wodi ya wazazi, mama wa makamo aliyesimama muda wote bila kutabasamu, alifumba macho.

Basi lilipoondoka Katibu hakupanda. Alimwambia dereva anaumwa tumbo. Alipita mlango wa ukuta karibu mbio.

Wodi ya zamani ilikuwa imegeuka stendi. Magodoro yalipangwa sakafuni ukuta hadi ukuta, mengine mpaka kwenye korido, na wauguzi walikuwa wakiruka miguu ya watu na trei mkononi. Kitinda alikuwa kwenye kona karibu na mlango wa choo, amelalia ubavu, kichwa kwenye mapaja ya mama yao.

"Dada," alisema bila kuinua kichwa. "Naona wenzetu mmekuja kutukagua."

"Nani amekulaza hapa?"

"Tuliambiwa ni mara moja tu," mama yao alijibu. "Wageni wakiondoka, vitanda vinarudi. Wageni wenyewe ni nyinyi, mwanangu? Basi kama mmeondoka waambie warudishe. Huyu akienda chooni anapanda na kushuka kama mtu anayechimba kisima. Si ulimsikia daktari?"

Matroni aliingia, akasimama mbele yao, mikono kiunoni.

"Havirudi," alisema. "Mlinzi wa kule amefunga, Injinia ameondoka na funguo nyingine. Amesema yeye hafungwi jela kwa ajili ya vitanda. Azimio limesomwa kwenye kamera." Akamtazama Katibu kuanzia viatu mpaka kichwani. "Nimesikia pale nje kwamba wewe ndiye uliyelitunga."

"Ndiye mimi."

"Hongera."

Mama yao aliwatazama wote wawili. "Ametunga nini?"

Katibu alitoa simu, akatoka nje.

Mchana wote Katibu alishinda na simu kwenye benchi la nje. Alianza na Injinia. "Dada yangu, mimi nina familia," Injinia alisema. "Yule mwenzangu wa majenereta mpaka leo anauza vocha. Unataka na mimi nikauze vocha? Niletee karatasi ya kamati yenye saini, navirudisha kabla hujakata simu. Tena navirudisha nikikimbia."

"Kwa nini uliviazima kutoka kwa wagonjwa, wewe mtu?"

"Bajeti ya vitanda haikuja. Barua yako ilikuja."

Akampigia Mwenyekiti. Alisikia vijiko na sahani nyuma yake. Alimweleza kila kitu, vitanda, magodoro, rangi mbichi juu ya herufi, na Mwenyekiti alisikiliza, hilo lazima lisemwe, alisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo mbaya," alisema. "Mbaya sana. Lakini azimio linaondolewa na kikao, wewe ndiye unayenifundisha hivyo kila siku. Na kikao hakipo mpaka Bunge lirudi."

"Bunge linarudi wakati wa bajeti, Mheshimiwa! Watu wako sakafuni leo."

"Halafu wodi ya zamani si mradi wa ujenzi. Hiyo ni ya wenzetu wa Kamati ya Afya. Tukiingiza mguu huko watasema tunawaingilia."

"Ni ukuta tu, Mheshimiwa. Kuna mlango kwenye ukuta."

"Ninajua."

Katibu akalisema lile alilolificha tangu mwanzo. "Mdogo wangu amelazwa humo. Ni mjamzito, ana presha. Kitanda kimoja kati ya vile ni chake."

Vijiko vilinyamaza. "Pole sana, Katibu. Pole kweli. Lakini sasa umeniharibia kabisa. Nikilitengua leo, kesho gazeti litaandika kwamba katibu amebadilisha azimio la Bunge kwa ajili ya ndugu yake. Utafukuzwa wewe, na mimi watanicheka."

Alikata simu akiwa na hamu ya kuitupa ukutani. Kilichomuuma zaidi ni kwamba Mwenyekiti alikuwa sahihi. Kila alichosema kilikuwa sahihi. Ofisi nzima ya watu sahihi, na Kitinda yuko mlangoni mwa choo! Alimpigia hata katibu wa Kamati ya Afya, mwenzake wa miaka mingi, ambaye alimsikiliza kisha akacheka kwa masikitiko. "Shoga, umefunga mlango mwenyewe ukameza ufunguo," alimwambia. "Sisi ziara yetu ya hospitali hiyo iko mwakani."

Kesho yake asubuhi presha ya Kitinda ilikuwa imepanda. Muuguzi alipiga magoti sakafuni kumpima, akapima tena, akaenda kumwita daktari. Daktari alisema wampe dawa na wamtoe kwenye ile kona, alazwe mahali patulivu, la sivyo hataweza kusubiri. Patulivu ni wapi, hakusema. Mama yao alikuwa amekaa kimya tangu jana jioni, tangu Katibu alipomweleza mwenyewe ni nini alichokitunga. Hakumgombeza. Alisema tu, "Nia yako ilikuwa nzuri," na Katibu aliona afadhali angepigwa kofi.

Alitoka nje akasimama kwenye mlango wa ukuta. Ng'ambo, wodi mpya ilikuwa imefungwa, kimya kabisa, baridi nzuri imetanda kwenye baraza yake. Mlinzi alikaa kwenye ngazi akichokonoa meno. Katibu alikuwa anakijua kifungu chake kwa moyo, na alikisema tena kimoyomoyo, kwa chuki, neno baada ya neno, kama mtu anayemtukana adui. Kila kitu. Kilichoonwa. Kitabaki. Mahali kilipoonwa.

Akarudia. Kisha akaanza kutembea haraka, akamkuta Matroni kwenye chumba cha sindano.

"Matroni, kifungu kinasema vitanda visitoke."

"Nimeshasikia, mama. Usinisomee tena."

"Hakisemi wagonjwa wasiingie."

Matroni aliweka chini trei. Kwa mara ya kwanza uso wake ulilegea. "Hakuna maji mle," alisema. "Yale ya jana ni mapipa waliyopandisha juu ya dari. Yamekwisha."

"Tutabeba."

"Na wakiniuliza nani ameifungua?"

"Taarifa ya kamati inasema jengo linatumika. Nimeiandika kwa mkono wangu. Wewe hujafungua kitu, unaendelea kutumia."

Mlinzi alisimama alipoona msafara unakuja: Matroni mbele, Katibu, wauguzi, na nyuma yao machela ya kwanza.

"Ruhusa iko wapi?" aliuliza.

"Wewe umeambiwa ulinde nini?" Katibu akamuuliza.

"Vitanda. Kisitoke hata kimoja."

"Unaona kitanda kinachotoka?"

Mlinzi alichungulia nyuma yao, akachungulia dirishani, mtu makini, asiyependa kudanganywa. "Sioni."

"Basi kazi yako haina dosari. Fungua."

Akafungua. Waliwapitisha mmoja mmoja, wengine kwa machela, wengine kwa kushikwa mkono, wengine wakicheka kwa sauti, maana kila mmoja alikuwa anatafuta kitanda chake. Kitinda alipolazwa kwenye chake alipapasa juu ya kichwa mpaka akaugusa mkanda mwekundu. "Kwani hata mama naye amekaguliwa?" alisema, kisha akafumba macho, na jioni ile presha yake ilishuka kwa mara ya kwanza.

Kuanzia hapo ndipo kazi ya maji ilipoanza. Bomba la karibu lilikuwa uani kwa wodi ya zamani, kwa hiyo kila tone la kuoga, la kufua, la kuosha sakafu ya kujifungulia, lilipita kwenye ule mlango wa ukuta ndani ya ndoo. Ndugu wa wagonjwa walijipanga. Waume waliokuja kusalimia walipewa ndoo kabla ya kupewa kiti. Katibu alifika kila siku baada ya kazi, akavua viatu vya ofisini, akaingia kwenye foleni. Mabega yalimuuma mpaka akashindwa kunyoosha mkono kwenye kibodi, lakini alijipa moyo. Wodi iko wazi, alisema. Sasa watalazimika kuleta bomba. Akaandika kumbukumbu ndefu kwenda wizarani, akaeleza ndoo, ngazi zenye utelezi, wauguzi wanaonawa kwa kikombe. Hakuwahi kuandika vizuri hivyo.

Jibu lilikuja kupitia kwa Mwenyekiti. Alimpigia akiwa kwenye foleni.

"Katibu! Habari njema. Wizara imejibu. Niliwapelekea muhtasari wa ziara kama ulivyouandika siku ile. Wanasema wamefurahi kusikia kwamba wodi inatumika, kama kamati ilivyothibitisha, na kwamba maji yapo, kama kamati ilivyothibitisha. Mradi wameufunga. Ule mpango wa bomba wameufuta, fedha zinakwenda kwingine. Umeona? Mradi uliokwama miaka, kamati imeenda mara moja, umekwisha!"

"Mheshimiwa, nina ndoo mkononi."

"Eeh?"

"Nimesema nina ndoo mkononi. Maji hayapo. Hayakuwahi kuwepo. Ulisema niandike yapo."

Mwenyekiti alijibu kwa upole, kwa sababu kweli hakuwa mtu mbaya: "Tutaliangalia kikao kijacho. Ila kwenye jedwali nimeshaweka 'imetekelezwa'. Jengo likishawekwa hivyo, unajua mwenyewe, kulirudisha kwenye ratiba..."

Alijua mwenyewe. Utaratibu huo pia alisaidia kuutunga. Alirudisha simu mfukoni, akasogea, maana foleni ilikuwa imesogea.

Kitinda alijifungua mtoto wa kike, mdogo, mwenye sauti kubwa kuliko umbo lake, na wote wawili wakawa salama. Maji ya kumwogesha mtoto kwa mara ya kwanza aliyabeba Katibu, na hakumwaga hata kidogo. Siku ya kuruhusiwa, mume wa Kitinda alikuwa amerudi, amekuja na gari la kuazima, anazunguka kila mahali akishukuru watu asiowajua. Mama yao alikusanya vikombe, kanga, mafuta ya mtoto. Mwishowe aliinama kwenye egemeo la kitanda, akalegeza fundo kwa meno, akauvuta mkanda wake mwekundu. Mkoba ulikuwa umemchosha kwapani.

Walifika mlangoni. Mlinzi alisimama mbele yao.

"Samahani, mama. Huo mkanda."

"Umefanya nini?"

"Ulikuwa kwenye kitanda siku ya kamati. Mimi nilikuwepo, niliuona. Na kamati ilipita hapo." Hakuwa na utani hata chembe. Alikuwa amejifunza kazi yake vizuri. "Kilichoonwa hakitoki mpaka kamati iseme."

"Wewe baba, ni mkanda wangu!" mama yao alipandisha sauti. "Wa mkoba wangu huu hapa! Mwanangu, mwambie. Si wewe mkubwa wao? Mwambie!"

Watu waliokuwa wamebeba ndoo walisimama kuangalia. Kitinda alianza kucheka, akamshikilia mtoto asitikisike. Shemeji hakuelewa kitu. Katibu aliangalia mkanda mikononi mwa mama yake, umefifia, umechanika pembeni. Alifungua mdomo kumwambia mlinzi kwamba huo ni upuuzi, kwamba kifungu hakikukusudia hivyo. Lakini kitanda kile bado kilikuwa kibovu, na kwenye benchi la korido alikuwa ameshakaa mjamzito mwingine, miguu imevimba, akingoja kitandikwe.

Alimpokea mama yake ule mkanda, akarudi ndani, akapiga magoti kichwani mwa kitanda. Alizungusha, akafunga. Egemeo likaanguka.

"Si hivyo," mama yake alisema nyuma yake. Alikuwa amemfuata, mkoba kwapani, hasira bado usoni. "Mara mbili. Halafu ncha ipite chini. Vuta kwa meno, usione haya."

Akavuta kwa meno. Mkanda ulikuwa na ladha ya sabuni na vumbi. Alilitikisa egemeo, likakaa imara, akamwita yule mwanamke wa kwenye korido aje alale. Kisha akavua viatu, kwa sababu ndoo ya karibu na sinki ilikuwa tupu.